Sidi Niliyoisugua kwa Majivu

Jumatatu, 4 Agosti

Maharagwe yaliiva mapema. Chapati zikaisha kabla ya saa saba. Foleni ya malori hapa mpakani leo ni ndefu, madereva wanakula wamesimama.

Binti yangu Nabwire amehamisha televisheni kutoka nyumbani. Ameiweka chumba cha nyuma ya kibanda, pale kwa magunia ya makaa. Ameziba dirisha na leso yangu nyekundu. Ile nzuri.

Ameleta pia ile mashine ya gemu ya marehemu baba yake. Miaka yote imekuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa shuka.

Kuna watu Kisumu wanatengeneza gemu. Wanachukua vijana wachache wawafundishe miezi sita. Nabwire aliomba, nao wamempa kazi ya kumjaribu. Achukue gemu ya kutisha ya zamani. Atafute watu wanne ambao hawajawahi kuicheza. Awaweke mbele ya televisheni, asiwasaidie hata kidogo. Aandike wanacheka wapi, wanaogopa wapi, wanachoka wapi. Mwishowe aseme: hii gemu bado ina nguvu kwa mtu mgeni, ama sisi tunaisifu tu kwa sababu tulikua nayo? Apeleke kabla ya Jumamosi jioni.

Nikasema Kisumu ni mbali. Nikasema mtu hawezi kuishi kwa gemu. Nilisema vibaya, na wateja wakisikia. Ana miaka ishirini na moja, si wa kuaibishwa mbele ya watu.

Mtu wa kwanza alikuwa Kevo wa bodaboda. Gemu yenyewe ni ya mwanamke mwenye taa, anatafuta dada yake ndani ya hoteli iliyoingia maji. Kevo alicheka mpaka madereva wakaacha kula. "Mathe, kuja uone! Huyu dem ana uso kama kiazi! Na hizi vidole, ni kama ameshika mandazi!" Akafungua mlango wa kwanza, kitu kikamkamata, akafa. Akafungua tena vile vile, akafa tena. Akaweka rimoti chini. "Hii ni ya wazee, Nabu. Inaboo." Hata dakika kumi hazikuisha.

Nabwire aliandika kila neno. Uso wake sikuupenda. Nilimwekea chapati niliyokuwa nimejifichia.

Jumanne, 5 Agosti

Mtu wa pili, Amoit. Binti wa jirani yangu Mama Amoit, yuko kidato cha tatu. Amefunga shule, hana kazi, akakubali.

Huyu hakucheka sana. Mwanzo alicheka ule uso, kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa nakanda unga upande huu. Nikasikia ukimya. Halafu, "Yesu!" Rimoti ikaanguka. Nikakimbia na mikono ya unga nikidhani ni nyoka.

Hapakuwa na kitu. Ni maji tu kwa televisheni. Kitu kilikuwa kimepita chini ya maji.

Lakini hakumaliza. Ule mwanamke anageuka kwa shida. Hauwezi kumwambia tu nenda kule. Kwanza unamzungusha pale alipo, halafu ndio unamsukuma. Amoit alimgonga ukutani, ukutani, mpaka akakasirika. "Mama Nabwire, huyu mtu ni mlemavu ama?" Akaenda kuosha nguo.

Nabwire anasema uoga wa hiyo gemu bado ni mzima, kinachochosha ni njia ya kuufikia. Alisema akitembea huku na huku, macho yanawaka. Nilikuwa sijaona macho hayo tangu baba yake afariki. Wao wawili walikuwa wanacheza hii gemu pamoja, mimi najifunika leso kichwani nisisikie. Yeye ana miaka saba, minane. Nilikuwa nagombana na yule mwanaume kwamba anamharibu mtoto.

Nimeshindwa kufurahi. Kila nikiona anafanya vizuri, naona gari la Kisumu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefanya kitu kibaya.

Asubuhi Nabwire alienda Busia kwa shughuli za kitambulisho. Aliacha ile sidi ya gemu juu ya meza, nje ya kifuniko. Nikapita na sufuria ya maharagwe. Mchuzi ukamwagika juu yake. Wa moto, wa mafuta.

Nikaiosha kwa sabuni. Mafuta hayakutoka. Mimi najua dawa ya mafuta. Nikachota majivu kwa jiko, nikachukua kipande cha gunia, nikasugua vile nasugua sufuria. Kwa nguvu. Kwa kuzunguka. Ikatakata. Ikang'aa hata. Nikaiegemeza kwa dirisha ikauke na nikajisifu.

Amerudi saa tisa. Ameiweka ndani ya mashine. Mashine ikalia kama panya. Akaitoa, akaigeuza kwa mwanga. Ilikuwa na mistari kama shamba lililolimwa.

Akaniuliza polepole, "Mama, umeifanya nini?"

Nikamwambia. Mchuzi. Majivu. Gunia.

Akasema, "Umefanya makusudi."

Nikasema hapana. Akasema, "Jumatatu ulisema siendi. Leo sidi imeharibika. Hii ilikuwa ya Baba." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Akalala njaa. Mimi pia.

Nimejiuliza na kujiuliza. Sikufanya makusudi. Nilitaka kuisafisha, Mungu anajua. Lakini aliposema imekufa, kuna mahali padogo ndani yangu palipumzika. Palifurahi. Ni dakika moja tu, lakini nilipasikia. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kusoma. Naona aibu kubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikufungua kibanda. Tangu mwaka uanze sijawahi kufunga siku ya kazi.

Nimevuka kwa miguu hadi ng'ambo ya Uganda. Nilikuwa nimefunga ile sidi kwa kitambaa ndani ya kikapu, kama mgonjwa. Nakumbuka baba yake alinunua ile mashine kwa fundi mmoja nyuma ya soko. Anaitwa Musoke. Sikujua kama bado yuko hai.

Yuko. Amezeeka, anavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Akaishika sidi, akaiinua juu, akaiangalia muda mrefu.

"Nyabo, hii umeitwanga ama umeisaga?" Nyabo ni mama, kwa lugha yao.

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akamwita jirani yake muuza viatu aje aone. "Majivu! Nyabo ameiosha kwa majivu!" Wakacheka wote. Nikawaacha wacheke. Kisha nikaanza kulia pale pale, mbele ya viatu vya watu.

Wakanyamaza. Musoke akasema, "Bambi, pole nyabo. Usilie. Kaa hapa." Akaniletea kiti. Muuza viatu akaniletea chai.

Musoke alisema hii haiponi. Lakini ana magunia mawili ya sidi za zamani, hakuna anayezitaka siku hizi. Tukazimwaga chini. Mimi sijui kusoma Kizungu cha haraka, nilikuwa natafuta picha tu. Mwanamke mwenye taa. Mwanamke mwenye taa. Mgongo uliuma. Sidi za mpira, za magari, za vita. Saa nane hivi muuza viatu, ambaye alikuwa ameacha viatu vyake akaja kusaidia, akainua moja. "Si huyu dada yako?"

Ni yeye. Taa yake mkononi. Ila maandishi si Kizungu. Ni kama nyayo za kuku kwa vumbi. Musoke akasema hiyo ni ya kwao huko ilikotengenezwa, gemu ni ile ile. Akaijaribu mbele yangu. Hoteli ikatokea, na maji.

Mungu awabariki hao wanaume wawili. Hawanijui. Siku yao nzima niliila.

Nilipompa Nabwire, aliigeuza geuza. "Sasa nani atasoma haya maneno?" Kisha akaona magoti yangu yamejaa vumbi. Akasema asante. Asante ya mdomo. Nimeichukua hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo tumecheka. Wacha niandike kabla sijasahau.

Mzee Salim ni dereva wa trela, mtu wa Mombasa. Amekwama foleni tangu Jumatatu na anakula kwangu. Alikuwa anasikia kelele za huko nyuma na anachungulia. Nabwire akamwomba awe mtu wa tatu.

"Mimi, mwanangu? Umri huu? Gemu niliyocheza mimi ni bao."

Akakaa lakini. Akavua kofia, akashika rimoti kama usukani. Yule mwanamke akageuka upande usiofaa. Mzee Salim akaangalia. Akamjaribu kushoto. Akamjaribu nyuma. Halafu akapiga paja lake.

"Aah! Huyu ni trela! Mbona hamkusema? Ukitaka mkia uende huku, kichwa unakipeleka kule!"

Akaanza kumwendesha. Kona zote. Ngazi. Kijia chembamba cha jikoni ambako Amoit aligonga ukuta, yeye alimpitisha kinyumenyume. Madereva wenzake wakajaa mlangoni. "Salim, angalia kioo!" "Salim, usigonge geti la watu!" Nabwire alikuwa anaandika huku anauma midomo asicheke, maana haruhusiwi kusema kitu.

Kisha taa ya yule mwanamke ikazimika. Mafuta yaliisha. Ikabaki sauti ya maji tu. Madereva wote wakanyamaza, wanaume wazima. Mzee Salim akasema polepole, "Mama Nabwire, hebu washa taa ya humu ndani." Nikasema haruhusiwi. Akasema, "Basi njoo usimame karibu."

Kitu kilipomshika aliruka na kiti. Akasoma dua palepale. Akasema ameendesha usiku kwenye njia za porini miaka thelathini, na hakuna siku moyo wake umempiga hivi.

Hata lile suala la maandishi halikumsumbua. Hakuna aliyeuliza.

Jioni Nabwire alitaka kuniambia kitu, kisha akaacha. Tuliosha vyombo pamoja. Nilimpa sufuria, akazisuuza. Tuko hapo.

Mtu wa nne ni rafiki yake wa shule. Anakuja kesho asubuhi.

Jumamosi, 9 Agosti

Rafiki hakuja. Alipiga simu saa mbili, wamefiwa Chakol, amepanda gari na wenzake kwenda matanga.

Nabwire aliita Kevo amletee abiria yeyote. Kevo akaleta kijana, kumbe aliwahi kuicheza kwa binamu yake. Haifai. Saa nne ikafika. Akaketi juu ya gunia la makaa, nguo safi na yote, akashika kichwa.

Nikafuta mikono. Nikasema, "Mimi sijawahi."

Akaniangalia. Akasema, "Mama, wewe unaogopa hata kinyonga." Ni kweli.

Nikasema, "Wewe uliambiwa utafute asiyeogopa?"

Basi nikakaa. Rimoti ilikuwa na joto la mikono yake. Akanionyesha vifungo mara moja tu, akarudi nyuma na daftari lake, na kuanzia hapo nikawa peke yangu ndani ya ile hoteli.

Nitaandika ukweli. Uso wa yule mwanamke ni mbaya, Kevo hakudanganya. Lakini baada ya muda mfupi nikasahau uso. Nikaanza kumhurumia. Amelowa, ni usiku huko kwake, hana mtu. Nikawa namsemesha. "Geuka, mama. Polepole. Geuka tena."

Nikafika kwa mlango wa kwanza. Nikasema, "Hodi."

Sikufikiria. Mdomo ulisema wenyewe. Nyumba si yangu, ningeingiaje? Nikasimama kungoja, vile mtu anangoja.

Na nilipongoja nikasikia. Nyuma ya mlango kuna mtu anapumua. Pumzi ya mtu mwenye pumu, inavuta, inakwama. Nikasema, "Hapa kuna mwenyewe, na hajanikaribisha." Nikamgeuza mwanamke wangu tukaenda mlango mwingine.

Hodi. Kimya. Nikaingia.

Nilikwenda hivyo. Kila mlango hodi, kila mlango nangoja. Pengine kimya, pengine ile pumzi. Mahali pamoja palikuwa na kitu kinakwaruza chini, kwa mbali sana, kama kuku kwa mabati. Nikaondoka. Mgongo wangu ulikuwa maji. Mara mbili nilitaka kuacha. Nilisema kwa sauti, "Bwana Yesu, nitoe humu." Lakini nikifikiria kuacha, namwacha yule mwanamke gizani, na dada yake hajampata.

Nilipata kiatu cha dada yake chumba cha juu. Kiatu kimoja. Nikalia kidogo.

Kisha ngazi, na kitu kikatoka kwa maji bila kupumua kwanza. Sikukitegemea. Nilipiga nduru, Mama Amoit alikuja mbio na mwiko. Tukafa, mimi na mwanamke wangu. Nikamwambia, "Pole, dada."

Nikageuka. Nabwire amelowa machozi, na anacheka. Alikuwa anajizuia muda wote kwa leso yangu nyekundu mdomoni.

"Mama, unajua umefika wapi?"

Sikujua.

"Umempita Mzee Salim. Umewapita wote. Mara ya kwanza mimi na Baba hatukufika hapo, tulikuwa tunavamia milango."

Halafu akaandika mpaka saa tisa bila kula. Alinisomea kabla ya kupeleka, akinieleza yale ya Kizungu. Kwamba sura ya gemu imezeeka na itachekwa, waache watu wacheke. Kwamba ule mzunguko wa kugeuka unafukuza wageni, isipokuwa madereva wa trela. Kwamba maneno hayana kazi, watu wawili walicheza bila kusoma hata herufi moja na wakatetemeka. Na kwamba uoga wenyewe umefichwa kwenye masikio. Mchezaji wa sasa anafungua mlango kama ni wake, ndiyo maana anakufa haraka na anaona gemu imezeeka. Hii ilitengenezwa kwa mtu anayesimama mlangoni kwanza. Jibu lake: bado ina nguvu. Mgeni aambiwe jambo moja tu, kwamba ameingia nyumba ya wenyewe.

Nilisema mimi sikufanya kitu, nilibisha hodi tu. Akasema ndiyo hiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Tulienda misa ya kwanza. Tukirudi nikamwambia yote. Kwamba majivu hayakuwa makusudi. Na kwamba kuna dakika moja nilifurahi.

Kisha akasema, "Nilijua, Mama. Nilikuona usoni. Ndiyo maana nilikasirika."

Nikamwomba msamaha. Katikati ya barabara, tukiwa na viatu vya kanisani. Akanishika mkono. Akasema naye alinitia doa baya, kusema makusudi. Tukavuka barabara tumeshikana kama watoto.

Asante Mungu kwa mtoto anayeweza kuambiwa ukweli.

Jumanne, 19 Agosti

Bado hakuna jibu. Simu yake ikilia mimi naunguza chapati.

Mzee Salim amerudi kutoka Kampala. Kabla ya salamu ameuliza, "Je, yule bibi amempata dada yake?" Nikamwambia bado. Akasikitika kweli.

Alhamisi, 21 Agosti

Wamemchukua.

Alisoma ujumbe mara tatu akiwa amesimama. Nami nikausoma kidole kwa kidole. Wamesema kazi yake imewafundisha. Wameuliza pia mtu wa nne ni nani, kama angekubali kucheza gemu yao mpya ikikaribia kuwa tayari. Nabwire amewajibu ni mama yake, anauza chakula Malaba, lazima wamwombe kwa adabu.

Nilipiga vigelegele. Malori yakajibu kwa honi, bila hata kujua kwa nini. Mama Amoit akacheza pale nje na mwiko wake. Nilimpa Kevo sahani ya bure, akasema hata yeye amechangia, kwa kufa mara mbili.

Uoga upo. Nimeutafuta nikaukuta mahali pake. Lakini leo ni mdogo kuliko furaha, na sijawahi kuona hivyo.

Jumatatu, 1 Septemba

Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilimfungia karanga na chapati sita. Alibeba mashine ya baba yake mapajani, hakutaka iwekwe juu ya gari.

Kibanda kilijaa kama kawaida. Maharagwe yalichelewa kidogo.

Saa nane akapiga. Amefika. Kitanda chake kiko karibu na dirisha. Wenzake ni watano, wasichana wawili, mmoja ni wa Namboboto, kwetu kabisa, nimejua hata shangazi yake. Amekula. Nikamuuliza amekula nini, akanitajia, nikaridhika.

Jioni imenyesha mvua nyepesi. Nimefagia, nimefunika unga, nimekaa na chai. Nilikuwa nimejiwekea saa hii ya kulia. Nimengoja. Kilio hakijaja. Kumeingia usingizi tu, mtamu, wa mtu aliyefanya kazi.

Naenda kulala na kuna mwanga bado nje.